Nilikwenda Bungoma Kuomba Askari wa Kike

Sitaficha: nilitoka nyumbani roho ikiniuma. Kituo chetu kidogo cha polisi, upande wa Kachibora, kilikuwa na askari watano, wote wanaume, na mimi koplo ndiye mkubwa wao. Tangu askari wetu wa kike ahamishwe, akina mama waliopigwa majumbani walikuwa wakifika mlangoni, wakatuona, wakasema wamepotea njia. Makao makuu waliniambia nisubiri. Nilichoka kusubiri. Wekesa, tuliyesota naye mafunzoni tukiwa makuruta na sasa ni inspekta Bungoma, alikuwa na askari wa kike watatu. Watatu! Na ruhusa ya kubadilishana askari ipo, mradi wenyewe wakubali.

Kitale nilifika asubuhi juu ya lori la mahindi, maana gari letu la kazi liko juu ya mawe tangu mwaka jana. Dereva alinicheka njia nzima. "Afande, si nyinyi ndio hutusimamisha? Leo umesimamisha ukiomba lifti, bana!"

Kiminini, Kamukuywa, Webuye. Kote nilikuwa nikipanga maneno ya kumlainisha Wekesa.

Bungoma, mchana. Lango limepakwa rangi mpya. Magari mawili, na yote yana matairi! Wekesa alinikumbatia, kitambi mbele, akanizungusha chumba kwa chumba. Chumba cha kusikiliza akina mama kilikuwa na pazia la maua, viti vya kitambaa na thamosi ya chai. Pazia lile lilinichoma kuliko magari. Kwetu, mama hutakiwa kueleza yake kaunta, walevi wakisikiliza.

"Waulize mwenyewe," Wekesa alisema. "Ati nani ataacha Bungoma aende huko kwenu?"

Makonstebo wawili walikataa kabla sijamaliza. Wa tatu, Nafula, alikuwa amevaa nguo za kiraia, kama wanavyovaa chumbani mle ili wageni wasiogope. Aliniuliza, "Na sasa hao akina mama wanamwendea nani?"

"Hawana mtu."

Akaweka kikombe chini. "Basi nitakuja."

Nilimshika mkono kwa furaha. Wekesa akaangua kicheko. "Ngoja kwanza! Koplo hubadilishwa na koplo. Nafula ni koplo. Kwenu koplo ni nani?"

Ni mimi. Peke yangu.

"Mbona umenuna?" Wekesa akanitania. "Si tangu ufike unameza magari yangu kwa macho? Haya, njoo uyaendeshe!"

Lo! Niliyatamani yote yale, na sasa nilipopewa, hayakushuka kooni. Nilimtazama Nafula akiuliza kama kituo chetu kina dirisha linaloweza kutundikwa pazia, nikamwonea wivu mkali. Lakini nilikubali. Wekesa akampigia simu mkubwa wetu Kitale, naye akaridhia.

Jioni nilirudi kituoni. Mama mmoja, jicho limevimba, alikuwa kwenye benchi la nje. Kuniona tu, akaanza kuinuka.

"Keti, mama. Kuna askari wa kike anakuja Jumatatu."

Akaketi. "Atakaa?"

"Atakaa."

"Anaitwa nani?"

"Nafula."

Alilirudia jina lile taratibu, mara mbili, asije akalisahau. Miaka yote niliyokaa pale, hakuna aliyewahi kuniuliza langu.