Pembe Niliyoisoma Ng'ambo ya Bonde

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mpimaji, Mdachi, yaani Mjerumani, mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka kando ya hori, mkono wa bahari, pale Lindi. Alinionyesha mnazi ng'ambo ya maji, akaniuliza uko mbali kiasi gani. Nikamjibu kuwa nitamwambia nikishavuka.

Hakucheka. Alitandaza mnyororo wa kupimia mchangani, akausoma ule mnazi kwa darubini ya pembe, kwanza kutoka ncha hii, kisha ile. Akaandika kidogo, akataja umbali. Maji yalipokupwa tukavuta mnyororo hadi shinani. Umbali ukawa uleule. Nilisisimka mwili kama mtu aliyeona karama.

Miaka iliyofuata alinifundisha. Hesabu za kugawa nilizijua tangu chuo cha Kurani, kwa mafungu ya mirathi. Jiometri, elimu ya maumbo, ndiyo tuliyochorea barabara na mipaka. Aljebra, jina la Kiarabu lenye maana ya kuunga kilichovunjika, ilitutolea kisichojulikana ndani ya kinachojulikana. Na trigonometria, elimu ya pembetatu, ndiyo iliyovuka hori bila mtumbwi. Lakini huko bara watu walikimbia wakiuona mnyororo wetu. Walikwisha kuuona mwingine, wa shingoni.

Vita vya Maji Maji vilipotufikia, tuliwekwa chini ya Bwana Kapteni, mkuu wa askari, aliyekuwa na mzinga. Karibu na Rutamba aliamuru apewe umbali wa kilima kilichokuwa ng'ambo ya bonde. Alisema wapiganaji wamejificha huko.

Bwana Mpimaji alishika kalamu, mimi darubini. Darubini zile zilionyesha kila kitu kichwa chini. Nikawaona wanawake wakitwanga, miguu juu, na mzee akishikwa mkono avuke jiwe. Bunduki sikuiona.

Nikamnong'oneza Bwana Mpimaji, "Bwana, kule kuna wanawake."

Akainama akatazama kitambo, kisha akarudi kwenye karatasi yake.

"Soma pembe," akasema.

Pembe hupimwa kwa nyuzi, ndizo digrii. Nilipunguza kiasi kisichofika uzi mmoja, nikaitaja. Kosa dogo namna hiyo, huku ni unywele. Kule mbali ni bonde zima. Lakini yeye pia alikuwa ametoka kuiona pembe ya kweli kwenye darubini. Alinitazama usoni, kisha akaandika kama nilivyosema.

Kombora likaanguka kwenye tope la bondeni. Kabla askari hawajashindilia la pili, kilima kilikuwa kitupu. Bwana Kapteni akailaumu baruti. Njaa iliyofuata iliwaua watu wengi sana, na sijui kama wale walisalimika. Mimi na Bwana Mpimaji hatukuizungumzia siku ile hata mara moja.

Baadaye nilihamishiwa Kilwa, chini ya Mhandisi wa Barabara, nikapima madaraja na visima hadi macho yalipochoka.

Nilipostaafu, watu wa mtaa wetu waliniomba niwawekee kibla cha msikiti mpya. Nikaitafuta pembe ya Makka, pembetatu ambayo upande wake mmoja unapita juu ya bahari na nchi nisizozijua, nikapigilia vigingi viwili na kufunga kamba kati yake. Ijumaa ya kwanza watu wakasimama bega kwa bega nyuma ya mstari ule, matajiri na wachukuzi. Imamu akatoa takbira. Nikainua mikono nami niitikie, moyoni nikawaona tena wale wa kilimani, safari hii miguu chini.