Siku Niliyofunika Taa za Gari kwa Plastiki ya Vitabu

Mtanicheka, najua, na mna haki, maana mwalimu anayewapigia watoto kelele kila siku "someni maelekezo kabla ya kujibu" ndiye huyo huyo aliyeuaibisha ukoo mzima mbele ya wakwe huko Koboko, na chanzo hakikuwa pombe wala mdomo, kilikuwa taa za gari.

Kigari changu kimezeeka (nakipenda, msikiseme), na taa zake za mbele zilikuwa zimegeuka njano kama macho ya mgonjwa wa ini. Wiki ile tulikuwa tunampeleka mdogo wangu Adriko kujitambulisha kwa kina Poni, mchumba wake, na kwa kuwa wazazi wetu hawapo tena, mimi ndiye niliyekuwa mzazi, dereva na mkuu wa msafara. Baba yake Poni ni Mzee Taban, mwanajeshi mstaafu aliyeendesha malori ya jeshi ujana wake wote, na ilisemekana aliwahi kuwarudisha watu wa kijana mwingine pale pale getini, hata maji hawakunywa, eti kwa sababu gari lao lilikuwa chafu. Adriko hali, halali, kazi yake kulizunguka gari langu na kuguna.

Basi Ijumaa nikaenda mtaa wa Oli kwa fundi Rasul, akapiga magoti kwenye changarawe, akazisugua taa zile mpaka zikang'aa. Akanieleza kwamba zikishasuguliwa hivyo ile ngozi ya juu inaondoka, jua na kokoto zinazorushwa na malori zitaziharibu upesi, kwa hiyo inabidi abandike plastiki angavu ya kukinga taa, ila kuibandika vizuri ni nusu siku, na kukauka kunataka siku nzima bila vumbi. Akaniomba kesho niende hivyo hivyo, nirudi Jumatatu, nitulie. Kutulia! Mimi?

Nyumbani nilikuwa na bunda la ile plastiki ya kunata tunayofunikia vitabu vya wanafunzi, na niambieni, nani katika Arua nzima amefunika vitabu vingi kuliko mimi? Nikakata, nikabandika kavu kavu (Rasul alisema maji ya sabuni, lakini nani alikuwa na muda), mapovu nikayatoboa kwa sindano, na kingo zilizokataa kushika nikazipaka gundi kali ya viatu. Kulikuwa na jambo moja dogo: kipande cha mwisho kilikuwa na ile sehemu iliyochapwa ya kujaza jina, darasa na somo. Nikaipeleka pembeni chini kabisa, nikajiambia hakuna mtu mzima atakayechuchumaa kusoma taa ya gari.

Jumamosi tukaondoka magari matatu, taa zimewashwa mchana kweupe kama msafara wa sherehe unavyotakiwa, mimi mbele nimevaa gomesi langu jipya, lile gauni la sherehe lenye mabega yaliyochongoka. Hatujafika nusu ya njia, jua la nje likakutana na joto la balbu la ndani, plastiki ikageuka nyeupe kama maziwa, gundi ikalainika na kuanza kuokota kila kilichopita: vumbi, wadudu, mbegu za nyasi na unyoya mweupe wa kuku ambaye sikumgonga, naapa. Nikasimama niibandue, ikavutika kama chingamu, ikakatika, ikabaki matambara. Muda nao ulikuwa unatuacha.

Wenyeji walikuwa wamejipanga getini wakiimba, na walipotuona wimbo ukazimika, kuanzia mstari wa mbele. Mzee Taban akatoka, suti imenyooka, akalizunguka gari langu mikono nyuma kama anakagua paredi. Akafika kwenye taa ya kushoto. Akachuchumaa. Akasoma taratibu, kwa sauti.

"Jina, hakuna. Darasa, hakuna. Somo, hakuna." Akaniangalia. "Mwalimu, hii gari iko nasoma shule gani?"

Kicheko kilichopasuka hapo nadhani kilisikika mpaka sokoni. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Adriko akaninong'oneza, "Dada, sema fundi ametudanganya." Na ndugu zangu, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo hasa. Nikayakumbuka magoti ya Rasul kwenye changarawe, nikashindwa. Nikaeleza yote mbele ya watu, hata sindano, hata unyoya, huku najua huenda namkosesha mdogo wangu mke.

Mzee akaubandua ule unyoya kwenye taa, akautupa pembeni.

"Wale watu mimi narudisha," akasema, "hapana sababu ya gari chafu. Gari inaoshwa. Walisema uongo hapa kwa geti. Mutu ya uongo, mimi hapana patia mutoto yangu."

Akavua koti, akampa Poni, akaagiza beseni la maji ya moto na sabuni. Siku kama ile baba wa binti hainui hata kikombe, anakaa anabembelezwa, lakini yeye alipiga magoti mbele ya bampa langu akalowesha, akangoja, akainua ukingo kwa ukucha, akangoja tena, wala hakuvuta kwa nguvu hata mara moja. Mimi nilisimama nimeshika taulo, machozi yananilenga. Nimewaona wakubwa wengi maishani, ila mtu mwenye uwezo wa kukufukuza, akachagua kukuoshea taa, huyo nimemwona mmoja tu.

Jioni, mazungumzo ya ndani ya posa yakiwa yamekwisha vizuri, akanirudishia kile kipande chenye maandishi. Alikuwa amekikausha na kukijaza kwa kalamu: Jina, Mwalimu Candiru. Darasa, la kwanza. Somo, kungoja.

"Kijana amepita," akaniambia. "Wewe, Mwalimu, rudia darasa."

Jumatatu nilikaa kwenye benchi la Rasul nusu siku nzima nikimtazama akinyunyiza maji ya sabuni na kusukuma mapovu nje kwa kipande cha mpira, na kesho yake nikaenda shule kwa miguu ili gari likauke. Plastiki yake ipo mpaka leo, huioni hata ukiitafuta, isipokuwa alama za gundi yangu kingoni ambazo hazijatoka. Wifi yangu Poni akija Arua huanza kwa kuchungulia taa, ndipo anisalimie. Na mimi nimeapa: plastiki ya vitabu itabaki kwenye vitabu, na fundi akiniambia nitulie, nitatulia.