Kinyonga Niliyemfunga Mguu

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa, maana nikimaliza hamtacheka. Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Rumonge, kando ya ziwa, enzi ya Wadachi, wale Wajerumani, mchana kweupe, na sikuwa na homa.

Mume wangu Hamisi alikuwa amechukuliwa na Wadachi kubeba mizigo. Miezi ikapita bila habari. Nikabaki naanika ndagala uani, vile visamaki vyetu vidogo, na nzi walikuwa wengi kuliko samaki. Basi nikamkamata kinyonga, nikamfunga mguu kwa uzi wa nyavu kwenye tawi juu ya mkeka wa samaki. Nzi aliwala kutwa nzima! Nilimwita Bwana Taratibu, nikamzoea, nikawa nazungumza naye. Lakini nilimficha. Watu wa hapa wanamwogopa kinyonga, na mwanamke anayemfuga angeitwa mchawi. Mimi nani angenitetea?

Siku ya tisa nikasikia hodi. Haraka nikamfunika kwa kikapu.

Akaingia mwanamke nisiyemjua, kavaa kaniki nyeusi. Mwendo wake ulikuwa wa ajabu: anainua mguu, anasita, anayumba mbele na nyuma, ndipo anakanyaga.

“Amahoro, mama.”

“Amahoro. Karibu.”

Akakaa kwenye mkeka wa wageni, nikaenda kumletea maji. Niliporudi, kaniki yake ilikuwa na rangi ya mkeka. Mtasema macho yangu yalinidanganya. Na macho yake je? Moja lilinitazama mimi, la pili lilitazama kikapu, wallahi.

“Bwana yako iko wapi?”

“Wadachi walimupeleka na mizigo. Namungojea.”

“Na mimi namungojea wangu, siku tisa sasa. Iko hapa kwako. Unifungulie.”

Nilimwelewa, sitawaficha. Ningenyoosha mkono tu, ningefungua. Lakini nyuma ya ua wa matete jirani yangu alikuwa anafagia, na ufagio ulikuwa umenyamaza.

“Hapa hakuna bwana ya mutu!” nikasema kwa sauti, jirani asikie.

Yule mwanamke akaniangalia, safari hii kwa macho yote mawili.

“Basi, wako atarudi vile wangu atarudi.”

Akatoka kwa mwendo ule ule. Nikakimbilia mlangoni. Njia ilikuwa tupu mpaka ziwani.

Nikafunua kikapu. Bwana Taratibu hayupo. Kwenye uzi ulibaki mguu mmoja, fundo langu bado limeukaza.

Hamisi alirudi mvua zilipokwisha. Wenzake wawili walimshusha mtumbwini wakimbeba, maana mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alisema njiani walifungwa kamba ili wasitoroke, kamba ikamla nyama, kidonda kikaoza. Nikamwangukia nikilia, naye akadhani nalia kwa furaha. Ilikuwepo furaha, ndiyo, lakini haikuwa furaha peke yake.

Ni miaka mingi sasa na sijawahi kumwambia. Ananiita mke mwema, nami nainamisha kichwa.

Nyinyi mkimkuta kinyonga, mpisheni. Na kama kuna aliyemfunga mmoja nyumbani kwake, aende akamfungue leo, majirani waseme watakavyo.

Haya, nyamazeni. Mnausikia mkongojo? Anauinua, anasita, anayumba, ndipo anakanyaga. Ni Hamisi anakuja.