Kigari cha ghalani kilisema kimefika, Mama Kulwa akaitwa mzembe

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, walio kazini na wanaotega kazi.

Nina kisa cha kazini kwangu, Shinyanga. Nikiwa nyumbani huwa natunga riwaya, huko ndiko ninakotia chumvi. Hapa nitasema kilichotokea tu.

Niko kwenye ghala moja huku Ibadakuli, ukitoka uwanja wa ndege unaliona paa lake la buluu. Tunatunza vipuri vya migodini. Wateja wetu wanatoka Bulyanhulu, Geita na machimbo madogo yaliyo katikati ya hapo.

Sasa ghala letu lina vigari vinavyojiendesha. Kwa ambao hawajawahi kuviona: kigari ni kitu bapa cha chuma, kimo chake hakifiki goti, kina magurudumu manne. Kinatembea juu ya reli mbili ndani ya mashelfu marefu, gizani kabisa. Kinaingia chini ya paleti, yaani lile jukwaa la mbao lililobeba mzigo, kinaiinua kidogo, kinaipeleka kule ndani, kinaitua, kinarudi.

Mara ya kwanza kukiona kinarudi kutoka gizani na taa yake ndogo ya kijani, nilisimama kama mtu aliyeona nyota inatembea kwa miguu.

Anayekiongoza kwa rimoti ni Mama Kulwa. Anaishi Kambarage na mapacha wake, Kulwa na Doto, wako darasa la pili. Mumewe alishafariki, kwa hiyo nyumba nzima inamtazama yeye. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine anaigonga mgongoni na kuiamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka!"

Sisi tunamtania, "Mama, kimeitikia?"

"Kinaitikia kuliko nyie. Nyie mpaka mnywe chai."

Mvua za mwaka huu zilipochanganya, kigari kizee, kile cha safu ya kwanza, kikaanza vituko. Mama Kulwa anakiagiza nafasi ya kumi na nne, chenyewe kinatua mzigo nafasi ya kumi na moja. Halafu kwenye skrini kinaandika kimefika kumi na nne. Paleti inayofuata inakuja, inagonga ile ya kwanza, kazi inasimama. Mtu anavaa kofia ngumu, anaingia kwa tumbo kukitoa.

Ilitokea mara nne ndani ya wiki mbili.

Meneja akachapisha kumbukumbu za mashine, akamwita Mama Kulwa mbele yetu.

"Huu ni uzembe. Mashine imeandika imefika. Mashine haidanganyi, Mama Kulwa."

"Na mimi je, bosi, nadanganya?"

Meneja akakunja zile karatasi. Alisema ikitokea tena kufikia Ijumaa, atampeleka kwenye yadi yetu ya Bulyanhulu akahesabu matairi, na kigari atapewa mtu mwingine. Yadi ile unarudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili.

Mama Kulwa alicheka, akasema basi Doto atajifunza kupika. Ila nilimwona mchana ule, ameshika bakuli la wali na halili.

Wakuu, hapo nikaanza kukisikiliza kile kigari.

Jumanne saa nne, watu wameenda chai, foklifti imezimwa, ghala kimya. Reli zetu zina viungo, na kiungo cha reli ya kulia hakilingani na cha kushoto. Kwa hiyo kigari kikipita sehemu moja lazima usikie mapigo manne, gurudumu moja moja. Ko, ko, ko, ko.

Nilisikia matatu.

Nikamwomba Mama Kulwa akirudishe. Matatu tena. Kwenye safu ya pili, kigari kingine: manne, safi kabisa.

Nikamfuata Fundi Shija, anayechomelea mashelfu yetu. Msukuma wa Kishapu, ana maneno mengi kuliko vifaa. Akalala kifudifudi na tochi, akachungulia mpaka nikadhani kasinzia.

"Njoo uone uchawi," akaniita.

Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linaning'inia. Nafasi kati yake na reli ilitosha kupitisha kadi ya benki. Limo hewani, mota inalizungusha kwa raha zake.

Na hilo ndilo gurudumu ambalo kompyuta inahesabu mizunguko yake kujua umbali. Linazunguka bure, kompyuta inahesabu. Kigari kiko kumi na moja, ndani ya kichwa chake kimeshafika kumi na nne. Hakikudanganya kama muongo, kilidanganya kama anayeota.

Kwa nini linaning'inia? Ni udongo wetu, wakuu. Udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka mpaka ng'ombe anavunjika mguu, masika unavimba na kuinua sakafu. Kila mtu hapa anajua, milango ya nyumba zetu inakwama kila masika na tunairanda bila hata kulalamika. Lakini ghalani tuliweka reli kiangazi, tukazinyoosha kwa pima maji mpaka tukapigana picha. Tulivyokuwa na kiburi na ile picha!

Mvua ikaja, reli moja ikanyanyuka kidogo. Na kigari kile kina magurudumu manne yaliyofungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye bodi, hakina shokapu wala springi. Ni kama stuli ya miguu minne kwenye sakafu mbovu, lazima mguu mmoja uelee.

Waranti ya kigari ilishaisha, na waliokiuza wakasema tusubiri fundi wao baada ya mwezi. Meneja akamruhusu Shija ajaribu.

Jumatano akajaribu kwa namna ya kwetu. Akakata raba ya tairi la lori la mgodini, ile ile tunayotengenezea sandali za katambuga, akaweka kipande kati ya kila gurudumu na bodi. Bila mzigo, mapigo manne! Tukashangilia.

Tukapakia paleti ya vyuma vya duara vya kusagia mawe, vizito kama dhambi. Raba zikaminyika, kigari kikachuchumaa, paleti ikabaki inakwaruza reli. Mama Kulwa akazima rimoti.

"Shija, umenivalishia mashine ndala."

Hakuna aliyecheka sana. Ilibaki siku moja.

Alhamisi asubuhi Shija alikuja hana utani. Akachora chini kwa chaki.

"Trekta la mzee wangu lilikuwa linalima pamba kwenye matuta, na magurudumu yote yanagusa chini. Halina springi mbele. Mnajua kwa nini?"

Hatukujua.

"Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja tu, katikati. Gurudumu la kulia likipanda, la kushoto linashuka. Bodi haina habari."

Akakata sehemu ya magurudumu mawili ya mbele, akayaunga kwenye ekseli moja, akaishika na pini nene katikati. Ya nyuma akayaacha yalivyo. Zile raba akaziweka pembeni, kuzuia ekseli isicheze kupita kiasi. Hakuna kilichominyika, kimo kikabaki vilevile. Tuliimaliza saa kumi jioni, mikono imejaa masizi na grisi.

Ijumaa meneja akaja na daftari lake. Mama Kulwa akakiita mbele, tukapakia paleti ileile nzito. Akashika rimoti yake. Akabonyeza kumi na nne.

Kigari kikazama gizani. Ko, ko, ko, ko. Nilikuwa nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea.

Skrini ikaandika kimefika. Meneja hakuiamini. Akavua koti, akaingia mwenyewe kwa tumbo na tochi, shati jeupe likafuta vumbi lote la safu ya kwanza.

Sauti yake ikatoka ndani: "Kumi na nne!"

Safari zikarudiwa tisa, kila moja akaingia kuhakiki. Tisa zote sawa. Akatoka, akajikung'uta, akamtazama Mama Kulwa.

"Nilikukosea. Utabaki hapa. Na hivi vingine vibadilishwe, usimamie wewe."

Halafu akamuuliza Shija nani amebuni.

"Trekta la mzee, bosi. Lilishakufa, ila ekseli yake inacheza hadi leo."

Mama Kulwa aliketi juu ya paleti tupu, akafungua bakuli lake saa tatu asubuhi, akala lote.

Nilichojifunza: ardhi yetu haitatulia kwa sababu tumeipima. Usiilazimishe inyooke, lipe gurudumu ruhusa ya kuifuata. Na skrini ikibishana na mtu, nenda ukachungulie kwa macho kabla hujamhukumu mtu.

Swali langu kwa mafundi: ile pini imeanza kulegea kidogo, tunaipaka grisi kila Jumatatu. Tuweke bushi ya shaba au beringi? Na kama umewahi kuitwa mzembe kwa kosa la mashine, tiririka hapo chini. Mama Kulwa nitamwonyesha uzi huu, atasoma komenti zote.