Uzi wa Kupimia Mayai

Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, na aliitika bila kinyongo. Ila kama ulitaka aache kazi akutazame usoni, ilibidi umuulize habari za kuku. Hapo mguu ulitoka kwenye kanyagio, miwani ikapanda kwenye paji la uso, na wewe uliyekuja kupunguziwa suruali ukajikuta umesimama nyuma ya nyumba, mbele ya banda, hata kiuno hujapimwa.

Na kuku wenyewe walikuwa wa kutazamwa, tuseme ukweli. Weusi tii, shingo za rangi ya shaba, manyoya hadi miguuni kama waliovaa suruali ambazo fundi hajazipinda. Lakini sifa yao haikuwa hapo, ilikuwa kwenye kiota. Mayai yao yalikuwa ya kahawia nzito, iliyoiva, kiasi kwamba mgeni akiyaona mara ya kwanza huuliza kama yamechemshwa na majani ya chai. Mama Cherehani alilisubiri swali hilo kwa hamu.

"Hayajachemshwa," alikuwa akijibu taratibu. "Yametagwa."

Usidhani rangi ile hujileta yenyewe. Kuku wa namna hii ukimwacha azae ovyo ovyo, baada ya vizazi vichache mayai yanapauka, unabaki na kuku kama wa jirani. Lazima uchague: yai lililokolea linawekwa chini ya kuku anayeatamia, lililopauka linakwenda kikaangoni. Sasa utajuaje lipi limekolea? Macho hayaaminiki. Asubuhi yai ni jeusi, mchana ni jekundu, na ukiwa na njaa yote ni mazuri. Wafugaji wengine walikuwa wakikisia tu. Mama Cherehani alikuwa na uzi.

Aliununua mwaka ule ule alipopata kuku wake wa kwanza. Aliingia duka la vitambaa na yai mkononi, akafunguafungua maboksi ya watu mpaka mwenye duka akanuna, na akatoka na roli moja ya uzi wa pamba uliofanana na lile yai kabisa, hukuweza kusema kipi kimeigwa na kingine. Toka siku hiyo sheria ya nyumba ikawa moja. Yai linaletwa kwenye meza ya cherehani, kando ya dirisha, penye mwanga. Halifutwi, maana yai la kuku hawa likiwa bado na unyevu, ukilisugua rangi inakuja na kidole. Linawekwa kando ya uzi. Likilingana nao au kuuzidi, linaatamiwa. Likipungua, analila mume wake.

"Mnaona kitambi hiki?" mume wake, aliyekuwa kinyozi, aliwaambia wateja wake. "Ni uzi huo."

Lakini miaka ilivyokwenda, kinyozi alianza kunywa chai kavu. Mayai yalikuwa yanapita yote. Kila kizazi cha kuku kiliuzidi uzi, na kilichofuata kikauzidi zaidi. Mama Cherehani alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu? Watu walitoka mbali kuja kuomba mayai ya kutotolesha. Chama cha wafugaji wa mji ule kilipoanza maonyesho yake ya kila mwaka kwenye ukumbi wa shule, hakikuhangaika kutafuta mwamuzi. Kilimwita yeye na uzi wake. Yai lake halikushindanishwa na mtu. Lilikaa peke yake kwenye meza ya mbele, wengine walitazame na kumeza mate.

Mtu mmoja tu hakumnyenyekea, naye ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba waliyemwita Brashi. Brashi alichukua kwake mayai ya mwanzo kabisa, akapata kuku wake, akawafuga kwa namna ambayo Mama Cherehani aliiita uvivu mtupu. Hakuwa na uzi wala kipimo chochote.

"Nakula mayai yote," alikuwa akisema. "Nabakiza lile moja ambalo naona dhambi kulila. Hilo ndilo namwekea kuku."

"Ndiyo maana kuku wako wana sura kama yako, shemeji."

"Na wewe endelea kushona kuku."

Utani wao ulikuwa hivyo siku zote, na haukuwahi kumuumiza mtu.

Basi siku moja kabla ya maonyesho, Brashi akaja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa shati. Akakifungua juu ya meza ya cherehani. Hakutania, na hilo peke yake lilimshtua Mama Cherehani.

"Hebu lione hili," akasema.

Alilitazama. Kisha akalichukua yai lake mwenyewe, lile alilokwisha kulichagua kwa ajili ya meza ya mbele, akaliweka pembeni yake. Akakaa chini. La Brashi lilikuwa limeiva hasa. Lake, kando ya lile, lilionekana kama shati lililofuliwa mara nyingi.

"Umelipaka," akasema.

"Shemeji, mimi napaka kuta."

Akautoa uzi pale dirishani unapokaa. Yai lake liliuzidi, kama kawaida. La Brashi liliuzidi mbali sana. Akarudia kupima mara ya pili, akageukia mwanga, hali ikawa ile ile.

"Mimi sielewi," Brashi alisema. "Kuku wangu na wako ni ukoo mmoja. Wako wanapanda kila mwaka. Wangu hawajapanda popote, mayai ni yale yale ya siku zote. Sasa nimekupita wapi?"

Brashi akatazama dirisha, akatazama jua lililolala mezani, akatazama kile kiduara kidogo kwenye mbao ambapo roli ya uzi ilikuwa imekaa.

"Uzi huu unakaa hapa siku zote?"

"Hapo hapo. Sijauhamisha hata siku moja," akajibu, na kwa majivuno, maskini.

"Mimi kuta za upande wa jua huwa narudi kuzipaka upya mapema," Brashi alisema, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika.

Sasa huyu ni fundi nguo. Kila siku ya Mungu aliwaambia wateja waanike nguo kivulini zisipauke. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alishika ncha ya uzi akaanza kuuvuta. Ulitoka uliopauka, ukarundikana mapajani. Akavuta, akavuta. Chini yake ukaanza kutokea mweusi zaidi, na zaidi, mpaka roli ikabaki na rangi ile ile ya siku ile dukani. Akaliweka yai lake kando ya uzi huo. Lilikuwa limepungua, na si kidogo.

Uzi ulikuwa ukishuka kila mwaka, na yeye akishuka nao, huku akijisifu kwamba anapanda. Akawafikiria wote waliobeba mayai yake kwa heshima ndani ya vikapu vyenye pamba. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Uzungushie tena huo uzi," Brashi akasema. "Mimi sijaona kitu. Hili langu nalikaanga leo leo." Na alikuwa anamaanisha, maana alimpenda shemeji yake.

"Usithubutu," akasema Mama Cherehani. "Kesho ulilete."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Aliingia amevaa gauni lake la kijani, alilolishona mwenyewe, akasimama kwenye meza ya mbele. Bila hotuba, akaanza kuuvuta uzi mbele ya wote. Watu walidhani amechanganyikiwa. Rundo lilifika sakafuni ndipo akainua kilichobaki.

"Uzi ni huu," akasema. "Ule mliouzoea ulikuwa umeliwa na jua. Kosa ni langu, dirisha ni langu. Tunapima upya, tunaanza na yai langu." Akalipima. "Limepungua."

Akapita meza kwa meza. Limepungua, limepungua, limepungua. Mfugaji aliyeshinda mwaka uliotangulia, mwenye duka la madawa, akakunja uso.

"Kwa hiyo ushindi wangu nao umepauka?"

"Ushindi kaa nao," akamjibu. "Lakini kuku wako usimtotoleshe."

Ukumbi ukacheka, mwenye duka la madawa naye mwishowe akacheka. Lililopita lilikuwa moja tu, la Brashi. Mama Cherehani akatangaza hivyo kwa sauti iliyonyooka, kisha akafanya jambo lililomgharimu kuliko kuuvuta uzi. Akageuka mbele ya watu wote akasema, "Shemeji, naomba jogoo."

Brashi alimpa. Na jogoo gani! Kishungi kimelala upande, mkia umeinama, anawika kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini alikuwa ametoka kwenye yai la kuona dhambi kulila, na rangi ya yai hurithiwa kwa jogoo pia, hata kama yeye mwenyewe hatagi. Majogoo wake wazuri, aliowalea kwa mkono, Mama Cherehani aliwauza huku akigeuza uso. Uzi ukahamia kwenye kopo la biskuti, ndani ya kabati, chini ya koti la mume. Yai likipungua hata kwa kudhaniwa, linakwenda kikaangoni. Kinyozi akanenepa tena. Na watu hawakumkimbia. Walikuja na majogoo wao mikononi kuuliza yupi abaki na yupi aende, naye aliacha cherehani kila mara.

Haikuwa kazi ya msimu mmoja. Kulikuwa na mwaka ambao hakuna yai lake hata moja lililopita, akakaa kwenye maonyesho mikono mitupu, akiwapimia wenzake.

Hatimaye mtetea mmoja, mjukuu wa jogoo yule mwenye sura mbaya, akataga yai lake la kwanza. Mama Cherehani hakulipima. Alilipeleka ukumbini vile vile na kumkabidhi Brashi kopo, kwa sababu mtu hawezi kuwa mwamuzi wa yai lake. Brashi akautoa uzi, akaupeleka mlangoni penye mwanga, akaliweka yai kando. Akaligeuza upande huu na huu. Watu walijua utani unakuja, wakasogea.

"La shemeji," Brashi alisema, "ni jeusi kuliko uzi."

"Sijasikia," Mama Cherehani akasema.

"Ni jeusi kuliko uzi."

"Kwa sauti, shemeji. Wa nyuma kule hawajasikia."

Brashi akapanda juu ya kiti akalisema tena, na Mama Cherehani akamwacha amalize mpaka neno la mwisho.