Kuku Aliyesukuma Mlango

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi za utawala wa jeshi, sukari imeadimika Kampala nzima, petroli hakuna, nami msichana natoka Kawempe kwa miguu kwenda chuoni kuhudumia kuku. Si kuku wa kuuza. Kuku wa utafiti! Daktari Nakato, mama mwembamba mwenye miwani, alitaka kujua kuku mwenyewe anapenda nini. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini: "Watu hatuulizwi kitu, ataulizwa kuku?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuku akikaribia kutaga, tunamweka upande mmoja wa mlango mdogo wa mbao. Upande wa pili kuna kiota cha nyasi. Mlango tunautundikia mawe, kila mara mazito zaidi, tuone atasukuma mpaka wapi. Nilipokuwa mgeni nilimwonea huruma mmoja mwekundu, nikausogeza mlango kwa kidole. Daktari akanishika mkono.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima kama mama mzima, "hapo umejibu wewe. Yeye bado hajasema."

Neno hilo liliniingia mfupani.

Basi asubuhi hiyo likaja gari la jeshi. Sajenti mmoja mwenye tumbo akashuka na magunia. "Kuku wote! Mkubwa ana sherehe." Wanajeshi walisema Kiswahili, na cha Daktari kilikuwa cha kuombea maji tu. Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu polisi, Kiswahili nakijua. Nikasimama mlangoni.

"Afande, hawa wako kazini. Hawajamaliza."

"Kuku ana kazi gani zaidi ya mchuzi?"

"Njoo uone."

Nikamweka yule mwekundu, aliyekuwa akikaribia kutaga, mbele ya mlango wake. Sajenti akacheka, akaongeza jiwe lake mwenyewe, kubwa. Kuku akasukuma. Mlango ukagoma. Akarudi nyuma, akalia, akasukuma tena kwa kifua. Vidole vyangu viliniwasha! Nikavifunga mgongoni. Akishindwa, wote wanaingia guniani. Mlango ukaachia ufa, akaingiza kichwa, akajipenyeza, akakaa juu ya nyasi akitulia kama bibi harusi.

Sajenti akasema polepole, "Mke wangu alijifungulia kwenye lori." Akachukua trei moja ya mayai. "Mkubwa nitamwambia wana ugonjwa wa kideri." Akaondoka na magunia yake matupu, na Daktari akamaliza utafiti wake.

Mwanangu, leo wewe ndiye unayesomea wanyama. Mimi shule niliishia kuandika jina langu, na sioni haya. Lakini nisikilize: asiyeweza kusema usimsemee, awe kuku, awe mtu aliyezibwa mdomo kama tulivyozibwa sisi. Mtafutie njia anayoweza kujibu, kisha funga mikono yako mgongoni, hata ikikuwasha. Na akishajibu, usimwache. Simama mlangoni pake, waje na magunia yao.

Mungu akupe kifua cha yule mwekundu, na kiota upande wa pili.