Dawa ya Chunusi na Darasa la Juani

Nilipokuwa msichana waliniambia chunusi ni damu ya ujana, nikiolewa zitakwisha. Nikaolewa. Wakasema basi nikizaa. Nikazaa, tena mara mbili, na chunusi zikabaki palepale mashavuni, zikazidi kuzaana hadi kidevuni. Mtu mzima mie, mwalimu wa kisomo, nasimama mbele ya wanawake wenzangu wa Mtoni na uso wa mtoto wa darasa la saba. Nikachoka, nikaenda zahanati.

Mganga akanipa chupa ya dawa nzito, ubavuni kabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Dawa inanuka yai viza. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwanda cha saruji Wazo, akirudi Jumamosi na vumbi hadi kwenye kope, na bado yeye ndiye aliyegeukia ukutani.

Harufu ningeivumilia. Lakini uso ulianza kuwasha, kisha ukababuka, ngozi ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake ikatokea ngozi nyingine, nyekundu, laini, isiyotaka kuguswa hata na upepo. Karatasi ilisema nisikae juani. Nisikae juani vipi, na darasa letu lilikuwa saa tisa alasiri, uani mwa ofisi ya tawi la chama, ubao umeegemezwa ukutani? Chumba cha ofisi kilikuwepo, kimefungwa kufuli, eti cha mikutano.

Basi nikawa mwekundu, na watu wakaanza. Wengine walinisema kuwa najichubua. Wengine, na hawa ndio walionikera zaidi, walibaki nyuma baada ya somo wakininong'oneza, "Mwalimu, nimegee na mie kidogo." Nikiwaambia ni dawa ya chunusi, wananitazama usoni, chunusi zote zipo, wanacheka.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Newala baada ya kufiwa na mumewe, tukawa tunaishi naye. Darasani alikuja kwa sababu balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango kuandikisha watu. Alikaa nyuma kabisa, akatazama ubao, akanyamaza. Nikimwita asome, ananijibu, "Mie meno yananidondoka, herufi nitazitafunia nini?" Darasa zima linaangua kicheko, nami nabaki na chaki mkononi. Muda wote ule sikumsikia akisoma hata a.

Huyo ndiye aliyekwenda kwa balozi. Akamwambia mwanawe yuko Wazo anakula vumbi, huku mkewe anajichubua.

Balozi akaja barazani kwetu. "Ndugu Mwalimu," akasema, "hii ni kasumba. Wewe ni kioo cha watu. Darasa tutampa mwingine."

Darasa lile nililianza kwa kuandika kwa mkaa kwenye mlango wa kabati, kabla hatujapata ubao. Wanawake waliokuwa wakitia dole gumba sasa walikuwa wanaandika majina yao. Nikaingia ndani, nikatoka na chupa, nikaiweka mbele yake.

Hakuitazama. "Karatasi kila mtu anaweza kubandika," akasema.

Nikajibu kwa hasira, "Mpelekee basi mganga aliyeiandika."

"Hebu lete," akasema mama mkwe kutoka kwenye mkeka wake.

Nikampa. Akafungua kifuniko, akanusa, akakunja uso. Kisha akaigeuza chupa na kuweka kidole kwenye karatasi.

"Da-wa," akasema. "Ya. Chu. Chu-nu. Chu-nu-si."

Kidole kikasogea.

"Pa-ka u-si-ku. U-si-ka-e ju-a-ni."

Akarudia lile neno la mwisho, safari hii kwa mkupuo, juani. Akamwinulia balozi macho. "Na aliyemweka juani ni nani? Sie tunaungua pale kila siku, chumba umekitia kufuli, na ndani ninasikia kuku. Wa nani hao?"

Balozi akakohoa. Akasema ufunguo ulikuwa unatengenezwa. Akaaga. Somo lililofuata tulifanyia ndani, sakafu ikiwa bado na mavi ya kuku pembeni, na hakuna aliyetaja tena habari ya kunipokonya darasa.

Mama mkwe hakuniomba radhi. Hadi anaingia kaburini hakuniomba. Nilipomwita ubaoni siku ile, nikijua sasa ninachokijua, akanijibu kuhusu meno yake, watu wakaangua kicheko kama kawaida. Nilitamani kumrushia kifutio.

Lakini nyumbani, kila jioni kabla sijapaka, alininyang'anya chupa, akaisoma karatasi yote kwa sauti, neno kwa neno, mimi nimesimama na uso wangu unaowasha nikimngoja. Akimaliza ananirudishia. "Paka," ananiambia.

Chunusi hazikuisha. Chupa ilipokwisha nikarudi zahanati kuchukua nyingine, na safari hii nikamwomba mganga aandike maneno mengi zaidi.